Kinywa kinasumbua tangu uanze dawa: uanzie wapi kutafuta chanzo

Mtu mzima akianza kutoboka meno ghafla, lawama huangukia sukari au mswaki. Ni mara chache aulizwe anatumia dawa gani. Na mgonjwa mwenyewe, daktari wa meno akimuuliza kama kuna dawa anazotumia, hujibu "hapana" huku vidonge vya presha viko kwenye mkoba, kwa sababu haoni presha na meno vinakutana wapi. Vinakutana kwenye mate, kwenye fizi, kwenye damu inayotakiwa kuganda jino likitoka, na hata kwenye mfupa wa taya.

Mwongozo huu unafuata malalamiko jinsi watu wanavyoyasema. Tafuta lako, kisha soma nini huwa kinalisababisha na nini cha kufanya.

Kwanza, tarehe

Chukua karatasi, andika kila kinachoingia mwilini: vidonge, sindano, inhela, sirapu ya kikohozi, dawa za mafua za kununua bila cheti, vitamini, mitishamba, dawa ya kusukutua. Mbele ya kila kimoja andika kilianza lini na dozi ilibadilishwa lini. Tazama jina la dawa yenyewe, lile linaloandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, maana boksi mbili tofauti zinaweza kuwa na kitu kilekile. Vinavyosahaulika zaidi ni sindano za mara chache. Denosumabu ya mifupa huchomwa kila baada ya miezi 6, na asidi ya zoledroni kwa ugonjwa wa mifupa dhaifu huwa mara moja kwa mwaka. Mtu haihesabu kama dawa anayotumia, ilhali imo mwilini.

Kisha andika tatizo la kinywa lilianza lini. Ladha hubadilika ndani ya siku chache. Fangasi huja ndani ya siku au wiki. Fizi huchukua miezi kuvimba, na meno kuoza kwa ukavu wa kinywa huchukua muda mrefu zaidi. Lakini usiitupe dawa nje ya orodha kwa hoja kwamba "natumia hii miaka mitatu, haiwezi kuwa yenyewe". Zipo zinazokaa kimya miaka na siku moja zikavimbisha ulimi, kama utakavyoona hapa chini.

Na lipo sharti moja katika mwongozo huu wote: usiache dawa mwenyewe, isipokuwa katika dharura chache zilizotajwa hapa chini. Ukikatisha ghafla fenitoini ya kifafa, degedege laweza kurudi mfululizo bila kukatika. Ukikatisha ya kuzuia damu kuganda, bonge la damu laweza kwenda kwenye ubongo. Kinywa kinachosumbua kinaweza kusubiri miadi, isipokuwa katika hali zifuatazo.

Mambo yasiyosubiri

Midomo, ulimi au koo vinavimba bila kuwasha na bila upele: kama unatumia enalaprili, lisinoprili, kaptoprili au dawa nyingine ya presha ya kundi hilo, nenda hospitali sasa hivi, hata kama umeitumia miaka. Uvimbe huu hautokani na histamini, kwa hiyo kidonge cha mzio ulichonacho nyumbani hakitausaidia sana, na kukaa kusubiri kifanye kazi ni kupoteza muda wa kupumua. Ukipona, dawa hiyo hairudiwi tena maisha yako yote.

Malengelenge na vidonda mdomoni, macho mekundu, homa, ngozi inayouma au kuchubuka: hii ni dharura kubwa. Huja zaidi ndani ya wiki chache za kwanza za kotrimoksazoli, nevirapini, karbamazepini, fenitoini au alopurinoli. Hapa dawa husimamishwa siku hiyohiyo, na mtu hupelekwa hospitali.

Vidonda mdomoni kwa mtu anayetumia methotreksati ya viungo au ya ngozi: hesabu vidonge. Kwa magonjwa hayo dawa hii humezwa mara moja kwa wiki. Wapo wanaoimeza kila siku kwa kutoelewa maelezo, na kinywa ndicho hutoa onyo la mapema kabla uboho haujaacha kutengeneza chembe za damu. Usimeze dozi nyingine kabla hujazungumza na daktari, na ufanye hivyo leo.

Taya limekaza upande mmoja, ulimi unatoka nje wenyewe, shingo imepinda, saa chache au siku chache baada ya metoklopramidi ya kutapika au haloperidoli: inatisha kuliko ilivyo. Hospitali wana sindano inayolegeza misuli hiyo kwa dakika chache.

"Mdomo unakauka"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Mwili hutengeneza kama nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku. Mtu huanza kuhisi ukavu mate yakiwa yamepungua karibu nusu, kwa hiyo siku unapolalamika, upungufu si wa jana.

Dalili huonekana kwa karibu ukizitafuta. Biskuti haimezeki bila maji. Ulimi unanata kwenye kaakaa unapozungumza. Kioo kidogo cha daktari wa meno hugandia ndani ya shavu kinapotolewa. Meno bandia yaliyokuwa yanakaa vizuri yanaanza kuchubua, kwa sababu utando wa mate uliokuwa unayashikilia haupo. Na usiku unaamka mara mbili tatu kunywa maji.

Wahusika wakuu ni dawa zinazozuia ishara ya neva kwenye tezi za mate: klofeniramini na dawa nyingine za mzio zinazoleta usingizi, amitriptilini, oksibutinini ya kibofu, hayosini ya kukata maumivu ya tumbo, na dawa nyingi za magonjwa ya akili. Morfini na tramadoli zimo, na dawa za kufungua pua zimo. Furosemidi na nyinginezo za kukojoza hupunguza maji mwilini. Mara nyingi si dawa moja inayokausha kinywa. Mzee ana ya kukojoza asubuhi, ya kibofu mchana, ya usingizi usiku, kila moja imeandikwa na daktari wake, kila moja inakausha kidogo, na hakuna aliyezijumlisha. Ukiwa na tatu za namna hii kwenye karatasi yako, umeshampata mshukiwa.

Kabla hujaamua, ondoa mengine. Kiu kali pamoja na kukojoa sana ni ya kupima sukari. Macho makavu kama yenye mchanga pamoja na viungo kuuma yaweza kuwa ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia tezi zenyewe. Ukavu wa asubuhi tu, unaoisha ukishapiga mswaki, mara nyingi ni wa kulala mdomo wazi.

Kwa nini nasema linadharauliwa? Kwa sababu mate ndiyo yanayozimua asidi baada ya kila mlo. Gamba gumu la jino huanza kuyeyuka pH (kipimo cha asidi, kinachoshuka asidi ikizidi) ikifika karibu 5.5, na mzizi uliofunuliwa na fizi iliyorudi nyuma huanza mapema zaidi. Mate yakikosekana, asidi inakaa. Ndiyo maana meno ya mtu mkavu huoza mahali pasipo kawaida: shingoni mwa jino karibu na fizi, au kwenye ncha za meno ya mbele. Daktari wa meno akikuta mashimo mapya mahali hapo kwa mtu ambaye hakuwa nayo, anapaswa kuuliza dawa kabla ya kuuliza soda.

Cha kufanya: kunywa maji kwa mafunda madogo mara kwa mara. Tafuna ubani usio na sukari, bora wenye zailitoli, maana kutafuna huamsha mate yaliyobaki. Usinyonye limau wala pipi kali. Kweli hutoa mate, ila zinayaogesha kwa asidi meno yasiyo na kinga. Achana na dawa ya kusukutua yenye pombe. Piga mswaki kwa dawa ya meno yenye floraidi, utemee, usisuuze kwa maji mengi. Dawa ya meno ya kawaida ya mtu mzima ina floraidi ya takriban 1,450 ppm (sehemu kwa kila milioni); kwa mwenye ukavu mkali daktari wa meno anaweza kuandika yenye 5,000. Kisha peleka orodha kwa daktari aliyekuandikia, umuulize maswali mawili tu: ipi kati ya hizi naweza kuishi bila yake, na ipi ina ndugu yake asiyekausha. Aulizwe pia muda wa kumeza. Mate hupungua yenyewe usingizini, na dawa inayokausha ikimezwa wakati wa kulala huongeza ukavu juu ya ukavu.

"Fizi zinaota, zinafunika meno"

Angalia kati ya meno mawili ya mbele. Kile kipembe cha nyama kilichokuwa chembamba kimenenepa, kimekuwa kigumu, cha waridi, hakiumi. Baadaye vipembe vinaungana na kupanda juu ya jino. Walio maarufu kwa hili ni watatu: fenitoini, nifedipini na siklosporini wanayopewa waliopandikizwa figo. Amlodipini nayo hufanya, ingawa kwa wachache zaidi. Kwa fenitoini ni jambo la kawaida kabisa, takriban nusu ya watumiaji huonyesha dalili kwa kiwango fulani, na huanza ndani ya miezi michache ya kwanza.

Palipong'olewa meno, fizi kwa kawaida haioti. Hiyo inakuonyesha mshirika wa dawa ni nani: utando wa bakteria kwenye jino. Dawa peke yake huandaa mazingira, na uchafu ndio huichochea fizi. Kwa hiyo anayeanza fenitoini aanze na usafi wa meno kwa daktari mwezi uleule, na asafishe kati ya meno kila siku. Hii husaidia kuliko watu wanavyoamini. Kwa nifedipini, daktari mara nyingi ana kundi jingine la dawa za presha la kumhamishia mgonjwa, na fizi hupungua zenyewe kwa miezi. Kwa fenitoini uamuzi ni wa daktari wa kifafa, na ni wa taratibu. Kukata fizi zilizozidi kunawezekana, ila dawa ikiendelea na mswaki ukiwa wa kuvizia, zinarudi.

Fizi zikivimba ndani ya wiki, zikawa laini, zinavuja damu zenyewe, na mtu amepauka, ana homa na michubuko isiyo na sababu, usihangaike na dawa ya presha. Akapimwe damu upesi, maana saratani ya damu huweza kujionyesha hivyo.

"Kuna utando mweupe"

Funga kitambaa safi kidoleni, pangusa taratibu. Ukitoka kama maziwa yaliyoganda na kuacha wekundu chini yake, huo ni fangasi. Usipotoka, si fangasi wa kawaida, na unahitaji kuonwa na daktari.

Fangasi hufuata inhela zenye steroidi kama beklometasoni na budesonidi, na hufuata antibayotiki zinazoua bakteria wema waliokuwa wanamzuia. Kwa inhela kosa kwa kawaida ni la namna ya kutumia. Tumia spesa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo, ili chembe kubwa zibaki humo badala ya kutua kooni. Ukimaliza, sukutua mdomo na koo kwa maji, kisha tema. Njia rahisi ya kutosahau ni kuvuta inhela kabla tu ya kupiga mswaki, asubuhi na jioni. Meno bandia yavuliwe usiku na kuoshwa, la sivyo unatibu mdomo huku mbegu ya fangasi imelala kwenye glasi.

Tiba ya kawaida ni nistatini ya maji, inayozungushwa mdomoni muda mrefu kadiri unavyoweza kabla ya kumeza. Jeli ya mikonazoli ni nzuri pia, lakini mwenye kutumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiiguse. Sehemu yake huingia kwenye damu na kuizuia wafarini kuvunjwavunjwa, na damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Watu wamevuja damu vibaya kwa jeli ya mdomoni iliyoonekana haina neno. Mtu asiye na inhela wala antibayotiki anayepata fangasi mara kwa mara apime sukari na virusi vya UKIMWI.

"Kila kitu kina ladha ya chuma"

Metronidazoli ni mshukiwa wa kwanza, na huisha siku chache baada ya dozi kumalizika, vumilia, umalize. Metfomini hufanya hivyo mwanzoni na mara nyingi hupungua. Klaritromaisini huleta uchungu, zopikloni ya usingizi huacha uchungu unaodumu hadi asubuhi. Kaptoprili hupoteza ladha. Terbinafini ya fangasi wa kucha ni ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu ladha ikipotea inaweza kuchukua wiki au miezi kurudi, na mara chache sana hairudi. Ukiona chakula kinaanza kuwa kama karatasi, mwambie daktari mapema badala ya kungoja umalize kozi.

"Vidonda"

Uliza kwanza kama dawa iligusa pale. Jino likiuma, watu huweka aspirini juu ya ufizi wakidhani itafanya kazi hapohapo. Haifanyi, huunguza. Doa jeupe lililokunjamana kando ya jino bovu, na mtu akikiri kuwa aliweka kidonge, uchunguzi umekwisha. Alendronati ya mifupa ikinyonywa au kukaa mdomoni huunguza vilevile, ndiyo maana humezwa nzima kwa glasi kamili ya maji, mtu akiwa wima.

Kama hakuna kilichogusa, angalia nikorandili ya moyo. Hutoa kidonda kimoja kikubwa, kirefu kwenda chini, kinachouma sana na kukataa kila dawa ya kupaka hadi yenyewe ibadilishwe. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni nazo huleta vidonda kwa baadhi ya watu. Za saratani huchubua kinywa kizima takriban wiki moja baada ya dozi, na wodi wanaotoa dawa hizo wana utaratibu wao, ufuate huo.

"Damu haikatiki"

Aspirini, klopidogreli, wafarini na wenzao wapya kama rivaroksabani hufanya fizi zivuje wakati wa mswaki. Lakini fizi yenye afya haivuji kirahisi hata damu ikiwa nyepesi. Dawa inakuonyesha ugonjwa wa fizi uliokuwepo, kwa hiyo suluhisho ni kusafishwa ugaga, na kuacha mswaki kwa hofu ya damu huongeza tatizo.

Wanaotisha ni wale wanaosimamisha dawa wenyewe kabla ya kung'oa jino. Damu ya tundu la jino inaonekana na inabanwa kwa gozi dakika 20 hadi 30. Bonge kwenye ubongo halibanwi. Kwa wafarini, miongozo ya Uingereza huruhusu kung'oa bila kusimamisha ikiwa INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) iko chini ya 4, ikipimwa ndani ya saa 24 kabla, au 72 kwa mtu ambaye vipimo vyake havipandi na kushuka. Kinachohitajika ni daktari wa meno kujua mapema. Na baada ya kung'oa, angalia cheti: metronidazoli, ambayo huandikwa sana kwa meno, hupandisha nguvu ya wafarini, na ibuprofeni huongeza hatari ya kuvuja. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo salama zaidi kwako.

"Rangi imebadilika"

Ulimi mweusi ghafla baada ya dawa ya tumbo yenye bizmuthi hauna madhara, utasafishika. Madoa ya kahawia baada ya kusukutua kwa klorheksidini yako juu ya jino na huondolewa kwa kusafishwa. Usiitumie miezi, na isukutue nusu saa baada ya mswaki kwa sababu dawa ya meno huipunguzia nguvu. Sirapu ya madini ya chuma inyweshwe kwa mrija. Madoa ya tetrasaiklini ni habari nyingine. Huingia ndani ya jino linapojengwa, tangu tumboni hadi kama miaka 8, na hakuna mswaki unaoyafikia.

"Tundu la jino halifungi, naona mfupa"

Alendronati, asidi ya zoledroni na denosumabu huzuia mfupa kujisaga, na taya ni mfupa unaojikarabati sana. Mfupa ulio wazi kwa zaidi ya wiki 8, au ganzi kwenye mdomo wa chini, unatakiwa kuonwa na mtaalamu wa taya. Hatari ni ndogo kwa anayemeza vidonge vya mifupa dhaifu, kubwa zaidi kwa anayechomwa dozi za saratani. Aliye bado hajaanza ang'olewe kilichooza kwanza. Aliyekwisha kuanza asirukishe denosumabu kwa sababu ya jino, maana ikichelewa, pingili za mgongo huweza kuvunjika.

Ukishambadilisha mshukiwa, ngoja kiasi gani

Ladha ya metronidazoli, siku. Fangasi, wiki moja hadi mbili za tiba. Ukavu hupungua siku hadi wiki baada ya dozi kushuka, ila mashimo yaliyokwisha kutokea yanahitaji kuzibwa. Fizi zilizoota, miezi, zikisafishwa. Kidonda huanza kupungua ndani ya wiki chache tangu dawa ibadilishwe. Lakini kidonda, doa jeupe au jekundu lisiloondoka kwa wiki 3 lionwe na daktari na pengine likatwe kipande cha kupima, hata kama karatasi yako ina dawa inayoonekana wazi kuwa ndiyo chanzo.